Ahmad bin Naaman: Kutoka Unguja hadi New York

Ukisimama Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, utawaona mafundi wakiunda majahazi kwa tezo na keekee. Ukiinua macho, huenda ukaiona ndege ikipita juu sana. Je, chombo kipi kitatangulia kufika mbali, na kwa muda gani?

Mwaka 1840 hapakuwa na ndege, wala Mfereji wa Suez. Mwaka huo Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Omani, alimtuma karani wake, Ahmad bin Naaman, kwenda kufanya biashara New York, Marekani. Alisafiri katika merikebu iitwayo Sultana, iliyoundwa Bombay. Ilipakia tende, kahawa, mazulia, pembe za ndovu na karafuu. Usisahau kwamba siku hizo kazi ya mashamba ya karafuu ilifanywa na watumwa.

Sultana iling'oa nanga mwezi wa Februari. Unajua sababu? Kati ya Desemba na Machi upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, nao uliisukuma merikebu kuelekea kusini. Ilipokwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema iliingia Bahari ya Atlantiki. Huko ilipata upepo mwingine, utokao kusini-mashariki, ukaipeleka upande wa Amerika. Fikiri hatari yake: merikebu haikuwa na injini. Upepo ukikoma, chombo husimama, na maji ya kunywa huzidi kupungua. Isitoshe, Mwingereza aliyeajiriwa kuongoza njia alikuwa mlevi.

Walifika tarehe 30 Aprili, baada ya siku 80 hivi, merikebu ikiwa imechakaa. Watu wa New York walimiminika bandarini kuitazama, kwani merikebu ya Waarabu ilikuwa haijapata kufika huko. Wamarekani waliitengeneza bila malipo. Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad, na ndiyo maana leo twaijua sura yake, ndevu na kilemba. Mwezi wa Desemba alirejea Unguja.

Sasa tufanye hesabu. Njia ya Sultana ilikuwa na urefu wa kilomita 17,000 hivi. Gawanya kwa siku 80, kisha kwa saa 24. Utapata karibu kilomita 9 kwa saa, mwendo wa mtoto anayekimbia polepole! Ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa, nayo haina haja ya kuizunguka Rasi. Chukua tufe na uzi. Uvute uzi kutoka Unguja hadi New York, nao utakatiza juu ya Afrika na bahari. Umbali huo ni kilomita 12,400 hivi. Ndege isiyotua popote ingeumaliza kwa saa 14 hivi; lakini abiria wa Unguja hubadili ndege njiani, hivyo hukawia zaidi.

Ahmad alifariki mwaka 1869. Mwaka huo huo Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na meli ziendazo Ulaya hazikulazimika tena kuizunguka Afrika.