Muuza vitambaa aliyewaona bakteria kabla ya maprofesa

Hebu kwaruza meno yako na kijiti cha meno. Ule utando mweupe unaobaki juu yake, huo unaoupangusa kwa suruali ukidhani hakuna anayekuona, umejaa viumbe hai. Mtu wa kwanza kuwaona na kuandika habari zao hakuwa daktari. Alikuwa anauza vitambaa.

Anaitwa Antonie van Leeuwenhoek, mzaliwa wa Delft, Uholanzi, 1632. Babake, msusi wa vikapu, alifariki Antonie akiwa bado mtoto. Chuo kikuu hakukanyaga, na Kilatini, lugha ya wasomi enzi hizo, hakukijua. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya nguo, kisha akarudi kwao kufungua duka.

Kama umewahi kununua kitambaa Eastleigh, unajua usipokagua nyuzi utauziwa hewa. Wauza nguo wa wakati ule walizikagua kwa kioo cha kukuza. Huyu jamaa hakutosheka na hivyo, akaanza kutengeneza lenzi zake mwenyewe, ndogo ajabu. Siri ni hii: lenzi ikiwa ndogo na mviringo zaidi, inapinda mwanga zaidi, na kitu kinaonekana kikubwa zaidi. Alitengeneza takriban 500. Moja kati ya zilizobaki hukuza kitu karibu mara 270, na ni kijibati tu chenye tone la kioo, unakishika karibu na jicho!

Mwaka wa 1674 alichota maji ya ziwa karibu na Delft, akayaangalia. Kumbe kuna vijidudu wanaogelea humo! Alipoiandikia Royal Society ya London kuhusu vijidudu hao mwaka wa 1676, wasomi walikuna vichwa. Muuza nguo tena? Aliwaita watu wa kuheshimika wa mjini, wakiwemo wahubiri, waje waone kisha waandike ushahidi. Mwaka wa 1677 Robert Hooke, yule yule wa somo la seli, alijaribu mwenyewe akawaona. Mnamo 1680 Antonie akafanywa mwanachama.

Aliendelea kuchungulia kila kitu: seli nyekundu za damu, mbegu za kiume, uchafu wa meno. Hata aliona kwamba akishakunywa kahawa moto, vijidudu wa meno ya mbele hawasongi tena.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nakiri stori hii naipenda kupita kiasi. Lakini usiisome kama ruhusa ya kulala. Huyu mtu aliandika barua kwa takriban miaka 50, mamia, na kila alichoona alikipima, mara nyingi akikilinganisha na chembe ya mchanga.

Ninapokosana naye ni hapa: lenzi zake bora hakumwonyesha mtu, wala hakufunza yeyote jinsi ya kuzitengeneza. Alikufa 1723 akiwa na miaka 90, na ujuzi ukaenda naye kaburini. Ilibidi dunia ingoje hadi karne ya 19 ndipo Pasteur na Koch wathibitishe kwamba vijidudu kama wale huleta magonjwa.

Na hadi siku za mwisho mzee alikuwa bado anaiandikia London. Safari hii alieleza mtetemo wa kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Mgonjwa alikuwa yeye mwenyewe, na leo ugonjwa huo adimu umepewa jina lake.