Makhan Singh: Aliyekataa Ngazi ya Katikati



Somo la juma hili ni Danieli 1, na habari ya mtama na maji wengi wenu mnaijua tangu Sunday school. Kitu tunachopita haraka ni kwamba Danieli alikuwa kijana wa shule. Alikuwa ugenini, akabadilishiwa jina, akaonyeshwa pa kukaa na akaambiwa atashukuru. Nataka nimweke kando yake kijana mwingine aliyeingia darasani ugenini, na ugeni wake ulikuwa hapa hapa Nairobi, mwaka 1927. Anaitwa Makhan Singh.

Najua mtu ataniuliza: Pastor, si huyo alikuwa Kalasinga, tena mkomunisti? Ndiyo, alikuwa yote mawili na hakuficha. Lakini Bwana alipotaka kumfundisha mwanasheria jirani ni nani, hakumchukua Mlawi awe mfano mwema. Alimchukua Msamaria. Kwa hivyo nivumilieni.

Makhan alizaliwa Desemba 27, 1913, katika kijiji cha Gharjakh, Gujranwala, jimbo la Punjab. Leo sehemu hiyo ni Pakistan. Wakati huo yote ilikuwa India ya Mwingereza. Aprili 1919, mtoto akiwa na miaka 5, watu wa Gujranwala waliandamana kupinga serikali, na serikali ikatuma ndege zikawaangushia mabomu. Mwaka uliofuata babake, Sudh Singh, ambaye alikuwa fundi, aliiacha familia nyumbani akaja Kenya kufanya kazi ya reli. Nyumba nyingi za kanisa hili zina mtu Saudia au Qatar, kwa hivyo hii hesabu hatuhitaji kuelezwa. Baba anaondoka mtoto akiwa na miaka 6. Mtoto na mamake wanamfuata Nairobi mwaka 1927, na sasa yule mtoto ana miaka 13. Angekuwa leo, angekuwa anaingia junior school.

Hebu fikirieni Nairobi aliyoikuta. Mji ulipangwa kama ngazi. Juu Mzungu, katikati Mhindi, chini Mwafrika. Kila kundi na mtaa wake, hospitali yake, shule yake na mshahara wake, hata kwa kazi ile ile. Mwafrika mwanamume alitembea na kipande kimening'inia shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Shule ya Alliance ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, 1926, na ndiyo kwanza mtoto Mwafrika akaanza kuonja elimu ya sekondari kwa maana yake halisi. Mhindi naye, aliyeletwa kwa maelfu kuijenga reli, hakuruhusiwa kununua shamba kwenye nyanda za juu. Alikuwa amelalamika mpaka London, na mwaka 1923 jibu likaja kwamba ardhi hiyo itabaki ya Wazungu.

Kijana akaandikishwa Government Indian High School, ile tunayoiita leo Jamhuri High School. Ilikuwa shule ya Wahindi peke yao. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ngazi ya katikati ni mahali pabaya kwa roho ya mtu. Aliye chini anajua ameonewa, hahitaji kuambiwa. Aliye katikati anatemewa mate kutoka juu, halafu anapewa mtu wa kumtemea yeye. Hiyo ndiyo mishahara ya ubaguzi wa rangi, na kwa bahati mbaya inalipwa kwa wakati kila mwezi. Mtoto wa miaka 13, amevaa kilemba, lugha ya mji bado ngeni mdomoni, kitu rahisi kabisa ni kujifunza kumdharau anayedharauliwa kuliko yeye.

Sisemi haya kwa sababu ya Wahindi wa zamani. Mwezi uliopita mama mmoja wa ushirika wetu, ambaye familia yake ilitoka Kongo, alinieleza kwamba kijana wake wa Gredi ya 7 ameacha kuinua mkono darasani. Akifungua mdomo wenzake wanaiga Kiswahili chake. Na wanaoiga si watoto wa matajiri. Ni watoto wetu, ambao wajomba zao wakirudi kutoka Ughaibuni tunakaa sebuleni kusikiliza walivyodharauliwa huko, tunatikisa kichwa na kusema Mungu awahukumu. Kumbe mizani ni moja. Someni Walawi 19, mwisho mwisho, Mungu anavyowaambia Israeli wafanye nini na mgeni, kisha anawakumbusha walikuwa akina nani kule Misri.

Turudi kwa Makhan. Shuleni alikuwa na kichwa kizuri na alitunga mashairi kwa Kipunjabi. Alimaliza mwaka 1931. Kazi aliyopata ilikuwa katika kiwanda cha uchapishaji ambacho babake alikuwa amekifungua baada ya kuachana na reli. Mimi nilisomea biashara, na ningemshauri hivi: tulia, shika biashara ya mzee, panua. Ngazi ya katikati ilikuwa na nafasi nzuri kwa mtu wa namna hiyo.

Yeye akaanza kusikiliza mafundi. Wafanyakazi Wahindi walikuwa na chama chao kidogo, na mwaka 1935, akiwa na miaka 21, wakamfanya katibu. Angeweza kukiacha kilivyo. Badala yake chama kikabadilishwa kikawa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa mfanyakazi wa rangi yoyote na dini yoyote. Vipeperushi vikachapwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Wapendwa, kwa Nairobi ya wakati ule hili halikuwa jambo la maneno matamu. Ngazi ilisimama kwa sababu kila kundi lilikuwa peke yake na malalamiko yake. Mwajiri akigombana na seremala Mhindi, alijua Mwafrika aliye karibu hatamsimamia, na Mhindi naye hivyo hivyo.

Mwaka 1937 walifanya mgomo Nairobi uliochukua siku 62. Aliyewahi kukaa na daftari la mishahara anajua maana ya siku 62 bila malipo. Kodi ya nyumba haigomi, na tumbo la mtoto haligomi. Waajiri walikubali mwishowe kuongeza mshahara, na siku ya kazi iwe ya saa 8.

Mwishoni mwa 1939 alisafiri India, akakamatwa huko na Waingereza na kuzuiliwa, na ikawa 1947 kabla hajakanyaga Kenya tena. Serikali ya hapa ilijaribu kumrudisha India, ikashindwa. Mwaka 1949 wakaunda na Fred Kubai muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai mwenyekiti, Makhan katibu mkuu. Serikali ikakataa kuusajili.

Halafu ikaja Aprili 23, 1950. Katika ukumbi wa Kaloleni kulikuwa na mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, East African Indian National Congress. Siasa ya siku hizo ilikuwa ya kuomba: viti zaidi barazani, nafasi zaidi kazini. Makhan Singh alisimama akatoa hoja kwamba wakati umefika wa uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Kamili, na sasa. Mtoto wa fundi wa reli, aliyekuja kwa meli akiwa na miaka 13, ndiye aliyelitamka mbele ya umati.

Mei 15 walimkamata yeye na Kubai, na Nairobi ikagoma kwa siku 9. Waafrika na Wahindi waliacha kazi pamoja.

Sasa tazameni sheria iliyotumika kumfunga. Ilikuwa ile ya kuwaondoa wahamiaji. Walitafuta kitu cha kumlaumu nacho, wakarudi kwenye hicho hicho cha siku ya kwanza: wewe si wa hapa. Kesi ikasikizwa Nyeri, akapelekwa kaskazini kuzuiliwa, bila kuambiwa ni mpaka lini. Lokitaung kule Turkana, Maralal, Dol Dol. Nimepita Maralal kwa huduma, na hata leo na barabara nzuri ni safari. Yeye alikaa huko kaskazini zaidi ya miaka 11. Mau Mau ilianza na kukandamizwa akiwa ndani. Mke na watoto walibaki Nairobi. Kama angekubali kuondoka Kenya arudi India, angekuwa huru. Hapo mimi huwa nasimama. Kila asubuhi kwa miaka 11 alikuwa na mlango wazi nyuma yake, na aliendelea kuuacha.

Walimwachilia Oktoba 1961, miezi miwili baada ya Jomo Kenyatta. Alijiunga na KANU, na uhuru alioutaja Kaloleni ukaja Desemba 1963. Waliokuja kugawana vyeo hawakumkumbuka. Hakupewa wizara, hakupewa hata kazi ya maana katika vyama vya wafanyakazi alivyovisuka. Sitalipamba hilo. Lilikuwa jambo la aibu, na waliolifanya walikuwa Waafrika kama mimi, ambao sasa ndio tulikuwa juu ya ngazi. Aliketi akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya mpaka mwaka 1952, kitabu kikatoka 1969. Humo amewataja wenzake wa kila rangi.

Alifariki Mei 18, 1973, hapa Nairobi, akiwa na miaka 59.

Ule ukumbi wa Kaloleni bado upo, si mbali na Jogoo Road, na watu wa mtaa wanaendelea kuutumia. Nimezungumza na mwalimu wa vijana, na wale wa Gredi ya 7 mpaka ya 9 watakwenda kuuona Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukiondoka hapa kanisani saa 3 asubuhi. Yule kijana wetu kutoka Kongo amekubali kusoma Danieli 1 tukifika, kwa Kiswahili chake.