Jamaa aliyejipiga picha akiwa maiti mwaka 1840

Hebu fikiria uko stejini hapo Gitothua, Ruiru, ukingoja matatu ijae. Unafumba macho, unalegeza shingo kama maiti, unajipiga picha na kuituma kwa kundi la WhatsApp la familia. Kabla dereva hajawasha gari, shosho atakuwa anauliza uko mochari gani.

Utacheka peke yako, ila usijidai umebuni kitu. Mzaha huo ulifanywa Paris, Ufaransa, Oktoba 1840, na aliyeufanya alikuwa amekasirika kweli.

Hippolyte Bayard alizaliwa 1801 huko Breteuil, akaajiriwa karani katika Wizara ya Fedha. Karani tu, kama yule unayempata ofisini ukifuata leseni. Januari 1839 habari zikaenea kwamba Louis Daguerre ameweza kunasa picha kwa mwanga juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mbinu yenyewe ilikuwa bado siri. Bayard naye akatafuta njia yake, akaipata: karatasi yenye chumvi ya fedha, inaachwa juani mpaka inakuwa nyeusi, kisha ndani ya kamera mwanga unaipausha. Hakuna nakala. Picha ni hiyo moja, basi.

Alimwendea François Arago, mwanasayansi na mbunge mwenye usemi. Shida ni kwamba Arago alikuwa upande wa Daguerre. Alimshauri Bayard asiharakishe kutangaza, na Bayard akapewa faranga 600 za kununua vifaa. Hata hivyo, Juni 24, 1839, alionyesha picha zake 30 hadharani, karibu miezi miwili kabla mbinu ya Daguerre kufichuliwa. Wapi! Daguerre ndiye aliyepewa na serikali faranga 6,000 kila mwaka, maisha yake yote.

Kama umewahi kutoa wazo kazini kisha ukasikia bosi akilisoma mkutanoni kama lake, unaelewa. Wewe ungeposti maneno makali usiku. Bayard alivua shati, akajifunga shuka kiunoni, akaegemea kando na kofia yake ya majani, akafumba macho na kutulia dakika kadhaa mbele ya kamera.

Nyuma ya picha aliandika kuwa huo ni mwili wa Bayard, aliyejitupa majini baada ya serikali kumpa Daguerre kila kitu na kumwambia yeye haina lake. Akaongeza kuwa mwili umelala mochari siku kadhaa na hakuna aliyekuja kuutambua. Na watazamaji wapite haraka, maana uso na mikono imeanza kuoza. Ukweli ni kwamba uso na mikono ilikuwa imeungua jua tu, sehemu ambazo nguo hazikufunika.

Mimi kinachonigusa si harufu, ni hiyo ya mochari. Mtu kulala hapo na asipate hata mmoja wa kusema huyu ni wetu.

Hakuzama popote. Aliendelea na kazi na kamera. Mwaka 1851 alikuwa mmoja wa wapiga picha watano walioteuliwa na serikali kupiga majengo ya kale, na 1854 akawa kati ya waanzilishi wa chama cha wapiga picha cha Ufaransa, ambacho huhifadhi picha hiyo ya maiti hadi leo. Nishani ya Légion d'honneur alipata 1863.

Alikufa kweli Mei 14, 1887, mjini Nemours, akiwa na miaka 86.