Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, Aliyejitenga na Watu kwa Kuwapenda

Katika kazi ya ukatekista swali moja hunijia mara kwa mara, katika vigango vya Bukoba na vya Muleba vilevile: kwa nini watu wengine, wazima wa mwili na wa akili, huacha baba na mama, shamba na arusi, wakaenda kujifungia mahali pa faragha? Swali hili si la upuuzi. Kwetu Buhaya mtu hukaa kati ya watu wake. Inapokwisha migomba yangu ndipo yaanza migomba ya jirani, na moshi wa jiko la mmoja huonekana na wote. Anayejenga peke yake nyikani hudhaniwa kuwa ana ugomvi na ndugu zake, au kwamba yuko na jambo baya analolificha.

Walakini wazee wetu walijua kwamba kuna kutengwa kusikotoka katika chuki. Omugole, yaani bibi arusi, alikaa ndani ya nyumba ya mumewe siku nyingi, haendi shambani wala kisimani, wala hakuna aliyesema kwamba amewachukia watu. Vijana wa rika moja, waliokusanywa katika muteko, waliondolewa kwa mama zao wakapelekwa kwenye kikale cha Mukama, wakafundishwa huko, kisha wakawa watumishi wa nchi. Basi katika kitabu hiki cha yubilei, ambamo twawakumbuka waliotuletea imani, nataka kueleza maisha ya msichana aliyejitenga kuliko hao wote, asirudi tena nyumbani. Hata hivyo mabinti wengi wa kwetu wabatizwa kwa jina lake, na masista wa jimbo letu wamelichukua kuwa jina la shirika lao.

Teresia alizaliwa mjini Alençon, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi wa saa. Mama yake, Zélie, alikuwa na kazi ya kufuma kimia cha kupambia nguo. Watoto 9 walizaliwa katika nyumba ile, 4 wakafa wangali wadogo, wakabaki mabinti 5, naye Teresia alikuwa kitinda mimba. Alipokuwa na umri wa miaka 4, mwezi wa Agosti 1877, mama yake akafa kwa ugonjwa wa saratani. Baba akahama pamoja na binti zake, wakakaa mjini Lisieux, karibu na mjomba wao.

Teresia alimchagua dada yake Pauline awe mama yake wa pili. Lakini mwaka 1882 Pauline akaingia Karmeli, nyumba ya watawa wasiotoka nje hata siku moja, ambao jamaa zao huzungumza nao kupitia dirisha lenye fito za chuma. Kwa mtoto wa miaka 9 ilikuwa kama kufiwa mara ya pili. Mwaka uliofuata akaugua sana, akitetemeka na kuweweseka, hata watu wakaogopa kwamba atakufa. Akapona siku ya Pentekoste, tarehe 13 Mei 1883, jamaa zake wakiwa wanasali mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Baada ya hayo alibaki mtoto mwepesi wa kulia, na shuleni wenzake walimwonea.

Hapa mwenye shaka aweza kusema kwamba mtoto wa namna hii, aliyefiwa na kuonewa, lazima atatafuta mahali pa kujificha, na kwamba alikwenda Karmeli kumfuata Pauline tu. Tusilikatae neno hili upesi, maana wako watu waliokwenda upweke kwa sababu ya uchungu, na uchungu ukawafuata huko. Lakini tutazame yaliyotokea kabla hajaomba ruhusa.

Usiku wa Noeli ya mwaka 1886, walipotoka Misa, Teresia akamsikia baba yake, aliyekuwa amechoka, akinung'unika juu ya zawadi ambazo binti huyu mkubwa alikuwa bado akiwekewa katika viatu kama mtoto mchanga. Siku nyingine angalilia hata asubuhi. Usiku ule alimeza machozi, akashuka ngazi, akazifungua zawadi kwa furaha, hata baba yake akacheka pamoja naye. Tangu hapo, kama alivyoandika mwenyewe baadaye, aliacha kujifikiria nafsi yake, akaanza kuwafikiria wengine.

Mwaka uliofuata, mtu mmoja jina lake Pranzini alihukumiwa kufa mjini Paris kwa kuwaua wanawake wawili na msichana mmoja. Watu walimchukia sana, naye hakuonyesha majuto. Teresia, mwenye miaka 14, akamchukua kuwa kama mtoto wake, akamwombea kila siku. Pranzini aliuawa tarehe 31 Agosti 1887, na magazeti yakaeleza kwamba dakika ya mwisho aliushika msalaba wa padre akaubusu. Teresia hakuwahi kumwona mtu yule wala kusema naye. Hapo akaelewa kwamba mtu aweza kumsaidia mwenzake kwa sala, hata kama kuna umbali mkubwa kati yao.

Siku ya Pentekoste ya mwaka 1887 alimwomba baba yake ruhusa ya kuingia Karmeli. Walikuwa katika bustani jioni. Mzee yule, ambaye Karmeli ilikuwa imekwisha kumchukulia mabinti wawili, alilia, kisha akakubali. Akachuma ua dogo jeupe lililoota ukutani, likatoka pamoja na mizizi yake, akampa.

Wengine hawakukubali upesi hivyo. Mjomba alikataa kwanza. Padre msimamizi wa Karmeli alitaka angoje hata miaka 21. Askofu Hugonin wa Bayeux hakutoa jibu. Mwezi wa Novemba Teresia akaenda Roma pamoja na mahujaji, na ijapokuwa mahujaji walikatazwa kusema, alipiga magoti mbele ya Baba Mtakatifu Leo XIII akamwomba mwenyewe. Papa akamwambia awatii wakubwa wake, na kwamba ataingia kama Mungu apenda. Walinzi wakamwinua wakamtoa. Mwisho wa mwaka askofu akatoa ruhusa, na tarehe 9 Aprili 1888 Teresia akaingia, umri wake miaka 15 na miezi 3. Angalieni basi: Kanisa halimpokei kila anayebisha mlango wa utawa. Humpima kwanza, kwa sababu lajua kwamba hasira na huzuni nazo hubisha mlango huo.

Sasa nafika mahali ambapo mimi, niliye baba pia, husoma polepole. Miezi michache baadaye akili ya Louis Martin ilianza kuharibika. Alitoweka nyumbani, akatafutwa siku kadhaa, akapatikana mji wa Le Havre. Mwezi wa Februari 1889 alipelekwa mji wa Caen, katika hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Bon Sauveur, akakaa huko miaka 3. Watu wa Lisieux walisema kwamba ni mabinti waliomwua baba yao kwa kumwacha, na hasa yule mdogo. Maneno haya yalipita ukuta yakamfikia Teresia. Hakuweza kutoka kwenda kumwuguza. Dada zake waliobaki nje, Léonie na Céline, walimwangalia mzee, naye ndani hakuwa na la kufanya ila kulia na kusali. Baba akafa tarehe 29 Julai 1894. Asiseme mtu kwamba kujitenga kwa ajili ya Mungu hakuna gharama, au kwamba gharama humpata mtawa peke yake.

Nao waliodhani kwamba amewakimbia watu, wangeona ajabu kama wangeingia ndani. Masista wapatao 25 waliishi katika nyumba ile miaka yote, nyuso zilezile. Mmoja alimchukiza kwa kila alilolitenda. Teresia akamtumikia na kumchekea, hata sista yule akadhani kwamba apendwa kuliko wote. Mwingine, wakati wa kufua, alimrushia maji machafu usoni, naye hakujipangusa. Kila jioni alimshika mkono bibi kizee mgonjwa, mwenye kulalamika, akampeleka chumba cha kulia na kumkatia mkate. Wakati wa baridi kali chumba kimoja tu kilikuwa na moto. Dada zake watatu walikuwamo mwishoni, lakini hakutafuta kukaa nao kuliko wengine. Mtu akimkimbia jirani wa kijijini, atamkuta jirani mwingine huko aendako, wala huko hakuna njia ya kumkwepa.

Mwaka 1892, Mapadre Weupe walipoanza misioni ya Kashozi, Teresia alikuwa na miaka 19, akifanya kazi ndani ya kuta zile. Miaka 3 baadaye, kijana wa seminari, Maurice Bellière, aliandikia Karmeli akiomba sista mmoja amwombee. Teresia akapewa kazi hiyo. Bellière akajiunga na Mapadre Weupe haohao, akapanda meli kwenda Algiers tarehe 29 Septemba 1897. Alipata upadre mwaka 1901, mwaka 1902 akatumwa Nyasa, nchi iitwayo Malawi siku hizi. Alirudi Ulaya afya imeharibika, akafa mwaka 1907 katika hospitali ile ile ya Bon Sauveur alimokaa baba yake Teresia.

Teresia naye hakuishi kuiona safari ya ndugu huyu wa kiroho. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 alitema damu; ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Siku zilezile giza likamwingia moyoni, mbingu ikawa kwake kama ukuta, wala furaha ya imani hakuisikia tena. Alisali vivyo hivyo, akitaka kukaa meza moja na wasioamini na kuwaombea. Akafa tarehe 30 Septemba 1897, siku moja baada ya Bellière kuondoka, umri wake miaka 24.

Mwaka mmoja baadaye daftari zake zilipigwa chapa, nakala 2,000, zikaenea duniani. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu tarehe 17 Mei 1925, na mwaka 1927 akamfanya msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri aliyesafiri hata Japani, ijapokuwa Teresia hakuvuka mlango wa Karmeli. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Wazazi wake pia walitangazwa watakatifu mwaka 2015. Nao ambao watu walisema kwamba mabinti wao walimwua baba, sasa waheshimiwa pamoja na mabinti hao.

Masista wetu wenye jina lake hawajifungii. Hufundisha watoto na kuuguza wagonjwa kati yetu. Lakini wao pia wameacha nyumba ya baba, na kila mmoja ameacha mzazi aliyelia. Basi, mzazi, binti yako akija kukuambia neno kama lile la Teresia, usimfukuze wala usimsukume. Mwulize kwa upole ni nani anayemkimbia, na ni nani anayekwenda kumtumikia, kisha mpe muda wa kujibu. Nawe kijana, ukiwa umekosana na ndugu zako, patana nao kwanza, ndipo uombe njia.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.