Heinkel: Aliyeibebesha ndege injini mgongoni

ERNST Heinkel alizaliwa Januari 24, 1888, katika kijiji cha Grunbach, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1911 alianguka na ndege aliyoiunda mwenyewe na kujeruhiwa vibaya, lakini hakuiacha kazi hiyo.

Agosti 27, 1939, ndege yake He 178, yenye injini iliyobuniwa na Hans von Ohain, ilikuwa ya kwanza duniani kuruka kwa nguvu ya jeti pekee. Injini hiyo ilikaa ndani ya kiwiliwili.

Mwaka 1944, Ujerumani ikiwa imeelemewa vitani, kampuni yake ilibuni ndege ndogo ya kivita, He 162, yenye mabawa ya mbao na injini moja iliyofungwa mgongoni, nyuma ya rubani. Mafundi waliifikia kwa urahisi. Hata hivyo, rubani aliyelazimika kuruka nje angeweza kunaswa na mdomo wa injini, hivyo aliwekewa kiti cha kumfyatua.

Iliruka Desemba 6, 1944. Siku nne baadaye gundi iliachia, bawa likavunjika na rubani akafa. Viwandani, wafungwa wa kambi za mateso walitumikishwa kwa nguvu.

Baada ya vita, Heinkel alitengeneza baiskeli na pikipiki ndogo. Alifariki dunia Januari 30, 1958.

Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha Cirrus SF50, ndege ndogo ya kiraia yenye injini moja mgongoni. Hiyo haina kiti cha kufyatua. Ina mwavuli wa kuishusha ndege nzima pamoja na abiria wake.