Festo Kivengere, askofu aliyetubu chuki yake juu ya Idi Amin



Amri ya Yesu katika Mathayo 5:44 tunaijua tangu shule ya Jumapili. Hata hivyo, inaposomwa katika makanisa yetu ya mashariki, wengi huinamisha macho. Yupo aliyezika watoto wake. Yupo aliyeacha nyumba na shamba akakimbia na godoro kichwani. Yupo anayemjua kwa jina mtu aliyemtendea hayo. Leo napenda kuwasimulia maisha ya jirani yetu mmoja ambaye amri hiyo ilimfikia akiwa na jeraha bichi: askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ng'ambo ya mpaka wetu wa Bunagana.

Festo alizaliwa mwaka 1919 kusini-magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Utotoni alichunga ng'ombe, baadaye akasoma akawa mwalimu. Alikuwa kijana mnywaji, na habari za wokovu zilimchosha. Ndipo Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ule uliotuachia wimbo wa Tukutendereza, ukafika kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, naye akampokea Kristo.

Baada ya kuokoka, jambo moja lilimsumbua. Alikuwa anamchukia Mzungu mmoja, na Mungu akamwonyesha kwamba mtu yule sasa ni ndugu yake. Festo akapanda baiskeli akaenda maili 50, karibu kilomita 80, ili amwombe msamaha. Njia ilikuwa ndefu na moyo ulikuwa mzito, lakini walipatana. Somo hilo la ujana lilikuja kumrudia uzeeni, kwa bei kubwa zaidi.

Kwa miaka mingi alifundisha Dodoma, Tanganyika, na mwaka 1960 alimtafsiria mhubiri Billy Graham kwa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 1972 aliwekwa kuwa askofu wa Kigezi. Wakati huo Idi Amin alikuwa ametawala Uganda karibu miaka 2, na watu walikuwa wanatoweka.

Mwezi Februari 1973 serikali iliamuru wanaume 3 wapigwe risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Festo alikwenda kwa Amin mwenyewe kuwaombea, akitaka wahukumiwe kwa haki kwanza. Hakusikilizwa. Siku ile aliruhusiwa kuwasogelea wale watu kabla ya kuuawa. Alikwenda akiwa hana neno la kuwaambia, lakini wao ndio walioanza kusema: walikuwa wamempokea Yesu gerezani, na nyuso zao zilikuwa na furaha. Walikufa mbele ya umati ulionyamaza.

Mwaka 1977 mambo yalizidi. Askari waliingia usiku katika nyumba ya askofu mkuu Janani Luwum wakitafuta silaha, wala hawakuziona. Maaskofu, Festo akiwa mmoja wao, walimwandikia Amin barua wakitaja wazi mauaji na maonevu. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala. Wengine wakaachiwa, lakini Luwum akabakizwa. Baadaye ikatangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari. Watu hawakuamini.

Siku chache baadaye Festo alionywa kwamba zamu yake imefika. Yeye na mke wake Mera waliondoka usiku kwa gari, kisha wakapanda milima kwa miguu mpaka wakavuka kuingia Rwanda. Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo ikoje.

Sasa tufike kwenye kiini. Huko uhamishoni Festo alihubiri, na watu walimsikiliza kwa heshima. Lakini ndani yake alikuwa anakauka. Kila habari iliyotoka nyumbani iliongeza uchungu, na kumchukia Amin kulionekana kuwa haki yake. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, ameketi ibadani, wakitafakari ombi la Yesu msalabani katika Luka 23:34. Hapo Roho akamhoji: kama Amin angekuwa mmoja wa wale waliopigilia misumari, je, Yesu angemwacha nje ya ombi lile? Festo alijua jibu. Akatubu, siyo dhambi za Amin, bali chuki yake mwenyewe. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi, kwani lilisema anampenda Idi Amin.

Ndugu na dada, tusikosee hapa. Festo hakusema kwamba Amin ni mtu mwema. Hakuifuta ile barua ya maaskofu. Hakurudi kujitoa auawe, na aliendelea kuwatafutia misaada wakimbizi wa Uganda. Wala hakungoja Amin aje kuomba radhi. Siku moja aliulizwa angefanya nini kama angepewa bastola akiwa ana kwa ana na Amin. Alijibu kwamba angemrudishia, kwa sababu hiyo ni silaha ya Amin, na silaha yake yeye ni upendo.

Amin alipoanguka mwaka 1979, Festo alirudi kwa watu wake. Nchi ilikuwa imejaa hamu ya kulipiza kisasi. Yeye alihubiri upatanisho mpaka saratani ya damu ilipomwondoa, Nairobi, mwezi Mei 1988.

Tunachojifunza ni hiki: kumpenda adui si kuuita uovu wake wema, wala si kuacha kudai haki mbele ya mahakama. Ni kumkatalia adui asiutawale moyo wako baada ya kuitawala nyumba yako. Jambo hilo halitoki katika nguvu zetu. Hata askofu alihitaji kulitubia, na ilimchukua muda.

Basi juma hili, tumtaje mbele za Mungu mtu mmoja ambaye hatujawahi kumtaja katika maombi. Kwa anayeshindwa hata kulitamka jina lake, aanze kwa kumwambia Mungu hivyo hivyo, kwamba ameshindwa. Safari ya Festo London ilianzia hapo.

Mungu atusaidie. Amina.