Sista Irene Nyaatha: mtawa aliyeutoa uhai wake Gikondi

Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na ule wa Kariakoo jijini Dar es Salaam ilipata majina kutokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikitumia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Vijana walitolewa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na vyakula vya majeshi. Mapigano yalianza mapema mpakani, mathalani huko Longido mnamo Novemba 1914, ng'ambo tu ya Kajiado ya leo, kisha yakaenea kusini hadi mto Ruvuma na kuuvuka. Kwa hesabu rasmi, zaidi ya wapagazi 40,000 walifariki, na wanahistoria wengi huamini kuwa idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Aghalabu hawakuuawa kwa risasi. Waliangamizwa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Miongoni mwa waliowauguza alikuwamo mtawa kijana kutoka Italia, Sista Irene Stefani, ambaye baadaye Wagikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Alizaliwa Agosti 22, 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoani Brescia, akabatizwa kwa jina la Aurelia Jacoba Mercede. Mnamo 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika ambalo Padri Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha mwaka mmoja tu uliotangulia mjini Torino. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwanzoni mwa 1915 akatia nanga Mombasa. Hakuwa muuguzi mwenye shahada. Alikuwa mwanamke wa mashambani, mwenye afya na ari, aliyedhani amekuja kufundisha dini.

Vita vilimpa kazi nyingine. Alipelekwa katika hospitali za wapagazi, Voi kwanza, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Kuziita hospitali ni kuzipamba. Wagonjwa walilazwa kwa mamia wakiwa wamebanana, uvundo ukiwa umetanda, dawa zikiwa haba na wahudumu wakiwa wamechoka kiasi cha kutojali. Sista Irene aliosha vidonda, akalisha wasioweza kuinua mkono, akasafisha uchafu ambao wengine waliukwepa. Alijifunza Kiswahili ili aweze kuzungumza na watu wa makabila yote waliokusanywa pale. Kumbukumbu za shirika lake zinasema kuwa aliwabatiza watu wapatao 3,000 waliokuwa mahututi. Zinasimulia pia jinsi alivyomkosa kitandani mgonjwa mmoja huko Kilwa, akaambiwa amekwisha kufa na kutupwa ufuoni. Alikwenda kumtafuta kati ya maiti, akamkuta bado anapumua.

Haifai kuificha sura ya pili ya habari hii. Wamisionari hao walifanya kazi chini ya bendera ya serikali iliyowakokota wapagazi hao hadi mautini, na huruma ya mtawa mmoja haikuifuta dhuluma hiyo. Mtawa huyo hakuwa na uwezo wa kuvisimamisha vita. Alilokuwa nalo ni mikono miwili, na hiyo hakuizuia. Kwa mpagazi aliyekufa mbali na kwao bila ndugu wa kumfumba macho, jambo hilo halikuwa dogo.

Vita vilipokwisha alihamishiwa Gikondi, eneo la Mukurweini, Nyeri, mnamo 1920. Hapo aliishi miaka kumi, na hapo ndipo alipopata jina lake. Alifundisha shuleni, lakini mchana mwingi ulimkuta njiani, akipanda na kushuka vilima kwa miguu, akitembelea wagonjwa, wakongwe na wanawake waliojifungua. Wazazi wasiojua kusoma walimwendea awaandikie barua kwa vijana wao waliokwenda mijini kutafuta vibarua. Haukuwa wakati mwepesi. Mnamo 1929 mgogoro kuhusu tohara ya wasichana uligawanya nchi ya Wagikuyu, wengi wakayahama makanisa ya kimisionari na kuanzisha shule zao huru. Imani kati ya wenyeji na wageni ilitikisika, ingawa Wakatoliki hawakuwalazimisha waumini kula kiapo kama yalivyofanya baadhi ya madhehebu ya Kiprotestanti.

Mwaka uliofuata, Septemba 1930, Sista Irene alikwenda Nyeri kwa mafungo. Akiwa huko alimwomba mkuu wake ruhusa ya kumtolea Mungu uhai wake kwa ajili ya utume. Mkuu alisita kabla ya kukubali. Msomaji wa leo huenda naye akasita, kwani ombi la namna hiyo lafanana na kuyatamani mauti. Lakini mwenendo wake aliporejea Gikondi unaonyesha vingine. Hakubadilisha ratiba yake hata kidogo. Tauni ilikuwa imeingia kijijini, naye aliendelea kuwazuru wagonjwa kama alivyozoea. Alimhudumia mwalimu Julius Ngare aliyeshikwa na ugonjwa huo, akakaa karibu naye mno, akaambukizwa. Alifariki Oktoba 31, 1930, akiwa na umri wa miaka 39, akazikwa Nyeri.

Habari zake zingeweza kuishia hapo. Ila Januari 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka Msumbiji, watu wapatao 270 walijikuta wamezingirwa ndani ya kanisa la Nipepe, mkoani Niassa. Maji pekee yalikuwa yale ya ubatizo, ndani ya gogo la mti lililochongwa. Walimwomba Sista Irene awaombee, na kwa ushuhuda wao maji hayo machache yaliwatosha kwa siku kadhaa, hata kumwosha mtoto aliyezaliwa humo.

Papa Fransisko aliukubali muujiza huo Juni 2014. Mei 23, 2015, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza ibada ya kumtangaza Mwenyeheri, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Allamano, aliyemtuma, alitangazwa mtakatifu Oktoba 20, 2024. Ili Nyaatha naye afikie daraja hilo, Kanisa litahitaji kuthibitisha muujiza mwingine.